Vunja, vunjika, vunjiwa: neno linalomjua aliyefanya

Dafu hukatwa, nazi huvunjwa. Mnazi ni mmoja na tunda ni lilelile, lakini mpishi yeyote wa pwani akikusikia unasema umekata nazi atakutazama mara mbili. Dafu lina maji matamu na nyama laini. Muuzaji hulikamata, hulichonga kichwani kwa panga, unapewa unakunywa. Nazi ni habari nyingine. Kwanza hufuliwa kwenye kifuo mpaka makumbi yatoke. Kisha hushikwa kiganjani, hupigwa kwa mgongo wa panga, huzungushwa kidogo, hupigwa tena palepale kiunoni, mpaka sikio la mpigaji lisikie mlio umebadilika. Hapo bakuli liwe tayari chini, maji yasiende bure. Vifuu viwili vinaachana, na kinachofuata ni mbuzi na mkunaji wake.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kutenganisha kitu na kitu, na kila kimoja kina mahali pake. Kuni hupasuliwa. Nguo huchanika. Kamba hukatika hata kama hakuna aliyeipitishia kisu, na umeme nao hukatika. Tonge humegwa, muhindi hukonyolewa, korosho hubanguliwa, tawi bichi hukwanyuliwa, ukuta hubomolewa. Gari likigoma barabarani limeharibika; ukisema limevunjika, msikilizaji ataliona liko vipande viwili. Vunja kinataka kitu kigumu, kilicho kizima, ambacho kikishaachana hakirudi kama kilivyokuwa: mfupa, kijiti, chungu, kioo, sahani, yai, mguu wa kiti. Hiyo ndiyo maana ya msingi. Ahadi, ndoa, mwiko, rekodi na Bunge vyote vilikuja baadaye kuomba hifadhi kwenye neno lililokuwa likitumika jikoni na porini.

Nalo ni neno la kwetu kabisa. Halikushuka na jahazi. Mnyarwanda na Mrundi wakisema kuvuna, wanavunja, hawavuni mahindi, na mchezaji aliyeumia uwanjani Kigali huambiwa ana imvune. Wakikuyu wanasema kuuna. Washona wa Zimbabwe wanasema kuvhuna, na aliyevunjika mguu kwao amevhunika. Sauti ya mwanzo imelainika hapa, imepotea kule, lakini mwili wa neno ni mmoja. Wanaisimu walioweka lugha za Kibantu bega kwa bega, Malcolm Guthrie akiwa miongoni mwao kwa juzuu zake nne zilizotoka kati ya 1967 na 1971, hulirejesha kwenye shina la kale linaloandikwa -bun-, lenye maana hiyohiyo ya kuvunja. Maana yake ni kwamba neno hili lilikuwa vinywani mwa watu kabla Kilwa haijawa mji na kabla Lamu haijajengwa kwa mawe.

Ndugu wa lugha moja, hata hivyo, hawafanani kila kitu. Mganda akitaka kusema kuvunja husema okumenya, neno ambalo kwa Mswahili ni la kumenya ndizi na viazi. Na ndani ya Kiswahili chenyewe, Lamu na Mombasa wana vunda pale Unguja wanaposema vunja, kama walivyo na ndia badala ya njia na ndaa badala ya njaa. Mtu wa Unguja akisikia kuvunda anafikiria mvundo, kitu kilichooza, ilhali babu wa Lamu anazungumzia mlango. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 ikaisambaza katika nchi zote zilizokuwa chini ya Waingereza Afrika Mashariki. Ndivyo vunja ilivyoingia katika kila daftari la mtoto, na vunda ikabaki majumbani na katika tenzi. Sioni sababu ya mtoto wa Lamu kukosolewa kwa neno la bibi yake, maadamu anajua ni lipi la mtihani.

Maana nyingi za vunja zimepitia kwenye vyombo vya mwanamke wa nyumbani, na katika hizo mbili zinastahili kutazamwa kwa karibu.

Ya kwanza ni kuvunja jungu. Jungu ni chungu kikubwa, na kulivunja ni kula na kufurahi pamoja siku za mwisho za Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam familia hubeba sufuria, mikeka na watoto, zikaenda ufukweni au shambani. Pilau hupikwa palepale, watoto huogelea, wazee hukaa kivulini. Jungu halisi halivunjwi na yeyote. Linalovunjwa ni mazoea ya jiko la mchana, ambalo kwa mwezi mzima litalala mpaka alasiri. Mijini neno hili limechukuliwa pia na wenye kumbi. Bendi na vikundi vya taarabu hutangaza onyesho la vunja jungu, kwa kuwa wakati wa mfungo wengi wao hupumzika, na kila mwaka masheikh hupanda mimbari kuwaonya waumini kwamba kuukaribisha mwezi mtukufu kwa maasi si desturi njema. Mimi nasimama na masheikh kuhusu ulevi, na nasimama na familia zilizoko ufukweni kuhusu pilau. Desturi ya kukusanya ndugu kabla ya mfungo ni nzuri, na jina lake ni zuri zaidi.

Jungu hilo limempa jina hata mdudu. Yule mdudu mwembamba wa kijani, anayesimama akiwa ameinua mikono yake ya mbele kama mtu aombaye dua, anaitwa vunjajungu. Watoto wa pwani walikuwa wakikatazwa kumgusa: aliyemshika, waliambiwa, chombo atakachokamata baada ya hapo kitamponyoka na kuvunjika. Leo watoto wengi wa mjini wanamjua kwa picha tu. Jina lake bado limo kamusini, na ningependa walimu wa madarasa ya chini walitumie, kwa sababu hakuna picha ya mdudu inayokaa kichwani mwa mtoto kuliko jina lenye kisa.

Ya pili ni kuvunja ungo. Ungo wa kupepetea hausemwi kuvunjika. Huchakaa, hutoboka, hufumuka ukingoni. Lakini binti anayepata hedhi kwa mara ya kwanza huambiwa amevunja ungo, na neno hilo likitamkwa na bibi au somo mbele ya watu, kila mtu mzima ameelewa na hakuna aliyeaibika. Hii ni lugha ya staha, na imewasaidia wanawake kwa vizazi kuzungumza mambo mazito bila kuvunjiana heshima. Ndiyo maana inaniudhi kuona makala za afya zikiandika kwamba wavulana nao wamevunja ungo. Mvulana hubaleghe. Ungo ni wa binti, umefungamana na mafunzo aliyopewa na wakubwa wake, na kumpa kila mtu ni kulifuta neno hilo polepole.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike.

Mtoto akiangusha sahani jikoni husema: "Mama, sahani imevunjika." Hasemi ameivunja. Na mama, kwa kuwa amezaliwa na lugha hiihii, hujibu palepale: "Imevunjika yenyewe?" Katika majibizano hayo mafupi ipo sarufi nzima. Vunja ni kitenzi chenye mtu ndani yake: kuna mkono, kuna kitu. Ukiweka -ika, kikawa vunjika, mkono unaondolewa, kinabaki kitu na hali yake. Ukiweka -wa, kikawa vunjwa, unakiri kwamba mkono ulikuwapo hata kama hujautaja. Na ukiweka -iwa, kikawa vunjiwa, unamleta mbele mtu wa tatu, ambaye hakuvunja wala hakuvunjika, bali ndiye aliyebeba hasara. "Duka limevunjwa" ni habari ya mlango. "Mama Asha kavunjiwa duka" ni habari ya mama Asha, mtaji wake na watoto wake.

Watumiaji wa kawaida wa lugha hawakosei katika hili. Mtu aliyeanguka kwenye bodaboda husema amevunjika mguu, au amevunjika mkono, yeye mwenyewe akiwa kiima cha kitenzi na mguu ukifuata nyuma. Nenda kwenye wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili uwasikilize wagonjwa waliofungwa hogo. Hutamsikia mmoja akisema amevunja mguu wake, kwa sababu maana ya sentensi hiyo ni kwamba alikaa chini, akachukua nyundo, akajivunja. Sentensi ya namna hiyo huipata kwenye filamu zilizotafsiriwa na, kwa bahati mbaya, kwenye taarifa za michezo: "mshambuliaji huyo alivunja mguu wake msimu uliopita." Hapana. Alivunjika mguu. Na kama beki ndiye aliyemfanyia, basi alivunjwa mguu, na jina la beki liandikwe.

Dini nayo imelitumia neno hili kwa uangalifu mkubwa. Muumini jua likizama hufungua, au hufuturu. Kuvunja funga ni kitu kingine: ni kuibatilisha kabla ya wakati. Mtu anayefanya hivyo kwa kusudi na kwa siri huitwa kobe, maana kichwa kinatoka, kinakula, kinarudi ndani. Lakini aliyesahau kwamba amefunga, akanywa maji, kisha akakumbuka na kuacha, funga yake haikuvunjika, kwa mujibu wa mafundisho ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii. Maji yamepita kooni, na bado hakuna kilichovunjika, kwa kuwa nia haikuwapo.

Sheria ya nchi imekwenda upande mwingine. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, na katika ile ya Kenya iliyotokana na mzizi mmoja wa kikoloni, mtu anahesabiwa amevunja nyumba hata kama hakuvunja kitasa wala kioo. Akifungua kwa ufunguo, akisukuma, akivuta au akiinua mlango au dirisha lililofungwa ili apite, amevunja. Mwizi aliyesukuma mlango uliorudishiwa tu hawezi kujitetea kwamba hakuna kilichoharibika. Kwa sheria, kinachovunjwa ni ule uzima wa nyumba iliyofungwa, haki ya mwenye nyumba kulala akijua kwamba kilichofungwa kimefungwa.

Kwenye ndoa, sheria ileile ya nchi imechagua vunjika, na nadhani imechagua vema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitaka mahakama ijiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika kabla haijatoa talaka, na kwa kawaida inataka wanandoa wawe wamepitia kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Uzinzi, ukatili na kutelekezwa vinaletwa kama ushahidi, lakini swali la mwisho ni la hali: ipo ndoa hapa, au haipo? Ndoa ni kitu ambacho watu wawili wanaweza kukivunja pamoja kwa miaka mingi bila hata mmoja kujua siku gani kilivunjika. Hapo -ika ni ya haki. Jirani anayeingia katikati na kuvunja nyumba ya watu, huyo amefanya kitendo, na mtaa unamtaja kwa jina.

Wako watu wanaodhani vunja ni neno la shari tu. Hao hawajakaa kwenye kikundi cha akina mama mwezi wa Desemba. Mwaka mzima wanachama wamekutana kila wiki, kila mmoja akinunua hisa, wengine wakikopa na kurudisha na riba, fedha zikikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zimeshikwa na wanachama watatu tofauti, asiweze hata mmoja kulifungua peke yake. Mzunguko ukiisha, kikoba kinavunjwa. Hilo ndilo neno lao: "Tunavunja Jumamosi." Siku hiyo watu huvaa vizuri. Daftari linasomwa kwa sauti, hisa zinahesabiwa, faida inagawanywa, noti zinapangwa kwenye meza katika mafungu, na kila jina linaloitwa linajibiwa kwa vigelegele. Anayepokea ada ya mtoto wa sekondari na mabati ya nyumba kwa mkupuo mmoja hawezi kukuelewa ukimwambia kuvunja ni uharibifu. Wiki inayofuata wanaanza upya.

Kibubu ni ndugu mdogo wa kikoba. Kilipewa jina la bubu kwa kuwa hakisemi kilichomo, na cha udongo hakina mlango: unatia kwa ufa mwembamba wa juu, ukitaka kutoa unakivunja. Noti nayo huvunjwa, ukitaka chenji. Matumizi haya yamesafiri mbali. Kigali na Bujumbura ubadilishaji wa fedha za kigeni unaitwa ivunjisha, neno lenye sura ya Kiswahili waziwazi, likiishi mlango mmoja na kuvuna lao la asili.

Michezoni tunavunja rekodi. Matumizi hayo yameletwa na redio na magazeti, na yamekaa vizuri kwa sababu yanaheshimu kanuni ya mkono. Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1,500 tangu hatua za kwanza mpaka utepeni na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hakuna mwandishi aliyeridhika kusema rekodi imevunjika akaachia hapo. Kila taarifa ya mafanikio huanza na jina la mtu. Kipchoge alivunja. Kiptum alivunja. Sifa haikai bila mwenyewe.

Lawama ndiyo inayotafuta pa kujificha, na inapenda sana kujificha nyuma ya -ika. Taratibu zimevunjika. Mkataba umevunjika. Mawasiliano yamevunjika. Mazungumzo ya mishahara yamevunjika. Soma ukurasa wa kwanza wa gazeti lolote, hili likiwamo, uone jinsi vitu vinavyovunjika vyenyewe ofisini kuliko vinavyovunjika jikoni.

Siasa ina vunja yake ya halali, na hiyo haina tatizo. Ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inaeleza ni lini Rais anaweza kulivunja Bunge. Rais Jakaya Kikwete alivunja Baraza la Mawaziri Februari 2008, baada ya Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu kwa sakata la Richmond. Rais William Ruto alifanya karibu vilevile Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga wa Kenya alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kupitisha sheria ya uwiano wa jinsia, kama Ibara ya 261 ya Katiba ya 2010 inavyotaka. Bunge halikuvunjwa, likamaliza muda wake 2022. Katika mifano yote hii kila mtu anajua nani alivunja, nani alishauri na nani hakutaka. Kitenzi kimebeba jina waziwazi, na raia anajua swali lake alipeleke wapi.

Tatizo liko kwenye maneno kama uvunjifu wa amani. Uvunjaji ni tendo, na mwenye tendo hilo ni mvunjaji: ndiyo maana watetezi wa haki za binadamu husema uvunjaji wa haki, kisha wakamtaja aliyezivunja. Uvunjifu umejengwa kama utulivu na ukunjufu, ni sura ya hali. Ukisikia mkutano umezuiwa kwa hofu ya uvunjifu wa amani, umeambiwa hali itakuwa mbaya, hujaambiwa nani angeifanya iwe mbaya. Wahenga walikuwa wakali zaidi. Walisema mvunja nchi ni mwananchi. Neno la kwanza kabisa la methali hiyo ni mtu.

Na hapa ndipo napoufikia mfano unaoniuma kuliko mingine. Vitabu vyetu vya historia, vya Tanzania na vya Kenya, vinafundisha kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Watoto wanaandika hivyo kwenye mtihani na wanapewa alama. Lakini Jumuiya ile haikuwa sahani. Ilianzishwa kwa mkataba wa 1967, ikiwa na reli moja, bandari, posta na simu, na shirika la ndege lililobeba jina la Afrika Mashariki. Baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na mamlaka ya juu ya Jumuiya, yaani marais watatu, haikukutana tena. Wakati huohuo serikali zilikuwa zikigombana kuhusu nani anaidai nani katika mashirika ya pamoja. Mapema 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo ukabaki umefungwa mpaka 1983. Kila hatua kati ya hizi ilikuwa uamuzi, uliofanywa na watu wenye majina na vyeo. Jumuiya ilivunjwa. Unaweza kuwatetea walioivunja, unaweza kusema walikuwa na sababu, na kuhusu Amin mimi naona Mwalimu alikuwa nazo. Lakini sababu hutafutwa kwa mtu aliyetenda, haitafutwi kwenye kitu kilichovunjika.

Tena wapo waliovunjiwa. Waliokuwa wafanyakazi wa mashirika ya Jumuiya, makarani wa posta, mafundi wa reli, watu wa bandari na ndege, walipoteza kazi na mafao waliyokuwa wameahidiwa. Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa makubaliano ya 1984, lakini zaidi ya miaka 30 baada ya 1977 wazee hao walikuwa bado wanakwenda mahakamani na kuandamana Dar es Salaam wakidai haki yao, wengine kwa mikongojo. Wengi wamefariki. Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ikaanza kazi Julai 2000, na inafundishwa kwamba ni mwendelezo wa ile iliyovunjika. Katika sentensi hiyo ya shule, wazee wa mikongojo hawamo. Vunjika haina nafasi yao. Vunjiwa ingekuwa nayo.

Hilo ndilo ninalowaomba wahariri wenzangu na walimu wa Kiswahili. Nyumba za watu zikiwekewa alama ya X nyekundu na tingatinga likapita, kama ilivyokuwa kati ya Kimara na Kiluvya 2017 wakati wa upanuzi wa Barabara ya Morogoro, tusiandike kwamba nyumba kadhaa zilivunjika. Tuandike nani alizivunja, kwa amri ipi, na nani walivunjiwa. Mkataba wa wafanyakazi ukivunjwa, tuandike upande uliouvunja. Mwanafunzi akiandika kwamba Jumuiya ilivunjika 1977, mwalimu asimkate alama, ila amrudishie daftari na swali moja la ziada: na nani? Majibu yapo, yameandikwa, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kuyatafuta maktaba kwa siku moja.